Shimo Kushoto

2 Septemba
Tumeondoka tukiwa tumeshachelewa, kwa sababu Kinyozi alikuwa akitafuta pampu aliyokuwa ameishika mkononi. Tuko wanne, wote wa mtaa mmoja, na wote tumepita umri wa kushangiliwa na watu barabarani. Kinyozi yuko mbele kwa kuwa ndiye mwenye mapafu. Anayemfuata ni Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa friji, ambaye mtaa mzima unamwita Shemeji kana kwamba kila mtu ameoa kwao. Wa tatu ni Breki, dereva wa malori mstaafu. Mimi niko nyuma kabisa, kama nilivyozoea kazini. Mwandishi wa habari hufika wa mwisho na kuuliza kumetokea nini.

Safari ni ya Breki. Tangu mkewe afariki anaishi peke yake. Binti yake anafanya kazi kwenye mizani ya malori, katika mji ulio mwisho wa barabara hii, na anataka kumchukua akae kwake. Breki hataki. Walibishana kwenye simu wiki nzima mpaka binti akachoka, akasema: "Kama bado unajiweza, njoo kwangu kwa baiskeli yako, bila kupakiwa na mtu. Ukifika, sitalitaja tena." Breki akakata simu, akaja kutugongea milango. Akifika, anabaki na nyumba yake. Akishindwa, anahama.

Sheria ya msafara ametunga yeye. Wa mbele akiona hatari anapaza sauti, wa nyuma yake anarudia, hivyo hivyo hadi mwisho. "Shimo kushoto." "Mchanga." "Tuta." Mimi sina wa kumrudishia, kwa hiyo namezea.

3 Septemba
Lami, jua, upepo wa mbele. Makalio yanauma. Sina la kuongeza.

4 Septemba
Mji wa kwanza wa maana: barabara moja, duka la dawa, duka la mbolea, mashine ya kusaga iliyokuwa imezimwa, na mwanamke anayeuza chai na mayai kwenye kibaraza kilichosakafiwa nusu. Bei zimeandikwa kwa chaki ubaoni. Breki aliniambia, "Nisomee wewe, ndiyo kazi yako." Nikamsomea chai, mkate, mayai. Akaagiza vyote.

Breki ana tabia inayoanza kunichosha. Akiongea na mtu hamtazami usoni, anatazama bega lake au sikio lake, kama mkubwa anayezungumza na mtu wa chini. Nadhani miaka ya kutazama vioo vya pembeni imemharibu. Kingine ni ukali wake juu ya hizo kelele za barabarani. Leo alimsimamisha Shemeji katikati ya njia.

"Neno lako linanifikia shimo likiwa limeshapita. La kazi gani?"

"Si umelikwepa?"

"Nimelikwepa kwa bahati. Mimi sikuja huku na bahati, nimekuja na nyinyi."

"Bwana mkubwa, hii ni baiskeli. Punguza ukuu wa lori."

Kinyozi akacheka mbele huko. Breki hakucheka.

5 Septemba
Pancha ya Kinyozi. Pancha ya Kinyozi tena. Anasema ni njama.

6 Septemba
Lami imekwisha. Changarawe inarusha baiskeli kama mbuzi asiyetaka kufungwa. Mikono inakufa ganzi hadi kwenye viwiko. Tumelala nyumba ya wageni yenye vyumba viwili, taulo nyembamba kiasi cha kuona upande wa pili, na ndoo ya maji yenye kipini cha waya. Breki akiingia chumbani hupanga vitu vyake mstari mmoja ukutani: viatu, kikombe, sabuni, tochi. Nilisogeza kikombe chake nipate pa kuketi, akanijia juu kama nimehamisha nguzo ya mpaka. Nilikirudisha. Nimeshafanya kazi na wahariri wa namna hii.

8 Septemba
Mawingu yameanza kukusanyika upande wa tuendako. Mwenye duka anasema mvua bado. Mkewe anasema mvua kesho. Nimemwamini mke.

9 Septemba
Siku ya kupumzika. Tumefua, tumetandaza nguo kwenye uzio, na Kinyozi ametoa mkasi wake akatukata nywele mmoja mmoja uani, juu ya kreti la soda. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Shemeji ana masharubu, au alikuwa nayo. Ameyafuga tangu kabla sijamwoa dada yake, na katika picha zote za familia yanatangulia kuonekana kabla ya yeye mwenyewe. Aliomba yapunguzwe ncha tu. Kinyozi alikuwa akisimulia habari ya mteja wake aliyesinzia kitini, akageuka kutuonyesha jinsi mteja alivyoanguka, na mkono wa mkasi ukageuka naye. Upande wa kulia ukaondoka. Akajaribu kusawazisha kushoto. Kisha akasawazisha kulia. Wenye uzoefu wa kukata vitu kwa kusawazisha wanajua mwisho wake.

Shemeji alijitazama kwenye kioo cha mkononi, akajigusa juu ya mdomo kama mtu anayepapasa jino lililong'oka.

"Yataota," Kinyozi alisema.

Shemeji akakilaza kioo magotini, uso wake chini.

"Kaka, samahani. Umekuwa kijana."

Shemeji akaniambia mimi, ingawa Kinyozi alikuwa hatua moja kutoka pale: "Mwambie huyo mwenzako asiniite kaka."

Breki alicheka mpaka akafuta machozi. Aligeukia kushoto kwa Shemeji wakati akicheka, kana kwamba masharubu yameangukia huko.

10 Septemba
Naandika kwa urefu kwa sababu ninataka kuwa sahihi.

Tuliondoka asubuhi, upepo ukitupiga ubavuni, Shemeji akiwa hajasema neno na Kinyozi tangu jana. Kinyozi alipaza sauti kwa shimo la kwanza. Shemeji hakurudia. Nilidhani hakusikia. La pili vilevile. Breki akauliza, "Mbele kuna nini?" Shemeji akamjibu bila kugeuka: "Mimi sirudii maneno ya mtu yule. Mwenye macho atazame."

Nilisikia vizuri kabisa nilikokuwa nyuma. Niliona ni kisirani cha mtu mzima, kitaisha kabla ya chakula cha mchana. Nikaendelea kukanyaga pedali.

Baada ya kijiji chenye tangi la maji, barabara inashuka kuelekea kalvati. Ukingo wa kalvati umemomonyoka, umeacha shimo la upana wa beseni la kufulia, kavu, na jua lilikuwa likilimulika. Kinyozi alipaza sauti, upepo ukaichukua. Shemeji akalikwepa kimya. Breki akaingia katikati yake, bila hata kugusa breki. Gurudumu la mbele likakwama, yeye akapita juu ya usukani.

Nilipomfikia alikuwa amekaa, ameshika kifundo cha mkono, damu inatoka kwenye kiwiko na kwenye paji la uso. Kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Sikusikia."

Shimo lile hata mimi niliyekuwa nyuma yake nililiona. Mtu aliyeangukia shimo kama hilo mchana kweupe husema "sikuliona". Yeye alisema hakusikia. Nimehoji watu maisha yangu yote, na neno kama hilo halinipiti.

Zahanati ilikuwa karibu. Muuguzi alimsafisha, akamfunga mkono, akasema mfupa uko salama. Kinyozi na Shemeji walikuwa nje na gurudumu lililopinda, kila mmoja ameshika upande wake, hawasemeshani. Nilikaa kwenye benchi na Breki.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Breki."

Akasema, akitazama sikio langu kama kawaida yake: "Mwaka jana. Katikati pana doa. Pembeni naona. Nikikutazama usoni, sura yako haipo. Nikitazama sikio, angalau napata shavu."

"Daktari?"

"Daktari wa macho amesema haliponi. Litakuwa kubwa zaidi, hajui kwa haraka gani."

"Kwa hiyo barabarani unaona nini?"

"Naona kingo mbili. Nakaa katikati yake. Ya katikati mnaniambia nyinyi."

Nilikumbuka ubao wa chaki, kikombe ukutani, ukali wake kwa Shemeji. Nimeandika hapa, siku baada ya siku, kwamba mtu huyu ana majivuno. Sitafuta niliyoandika. Yabaki yalivyo.

Tuliwaita wale wawili tukawaambia. Kinyozi alikaa chini sakafuni. Shemeji alitoka nje, tukamwona dirishani amesimama anatazama ukuta wa zahanati. Aliporudi alimwambia Breki, "Ulisema umekuja na sisi."

"Nilisema."

"Ungeniambia ni kwa nini, ningekupigia kelele hata kwa kokoto."

"Ningekuambia, ungenirudisha nyumbani."



Nilisema apande lori kesho hadi kwa binti, na sisi tufuate. Breki akasema, "Nimebeba mizigo maisha yangu yote. Nikishushwa kwenye lori mbele ya mwanangu, na mimi ni mzigo." Kinyozi alitaka tuendelee. Shemeji alitaka tuendelee. Nilisema hapana na nikaeleza sababu zangu: mkono wake, changarawe, mvua. Zilikuwa sababu nzuri. Nimeshindwa kura.

11 Septemba
Fundi wa baiskeli amenyoosha rimu na kubadilisha spoki, siku nzima. Breki amelala. Shemeji na Kinyozi wamesemeshana, juu ya spoki tu.

13 Septemba
Tumerudi barabarani, polepole. Mpangilio ni ule ule, lakini Shemeji amegeuka redio. Hangojei tena Kinyozi. Anataja kila kitu.

"Shimo kushoto. Mawe. Kuku wawili, mmoja mwoga. Mlango wa bluu. Mama anafua. Shimo dogo kulia, liache. Mtu amekaa hafanyi kitu. Tuta. Mtu mwingine, naye hafanyi kitu."

Kinyozi akauliza mbele, "Mlango wa bluu ni hatari gani?"

"Nyamaza wewe. Mkasi mkononi, ulimi mdomoni, vyote huviwezi."

Breki alikuwa akitabasamu, uso wote vumbi na plasta juu ya nyusi. Kufikia alasiri sauti ya Shemeji ilikuwa imekauka, anakwaruza kama mnyororo usio na mafuta. Nilimwambia nimpokee zamu. Alikataa. Magoti yangu yamevimba. Sikusisitiza.

14 Septemba
Mlima. Tumesukuma baiskeli zaidi ya kuzipanda. Hakuna aliyeongea isipokuwa Shemeji.

15 Septemba
Mvua imetupata kwenye tambarare, mahali pasipo na mti wala ukuta. Mashimo yote yamejaa maji na barabara imekuwa kitu kimoja cha kahawia. Kinyozi hakuwa na la kusema huko mbele, kila dimbwi ni sawa na jingine. Shemeji akapaza sauti: "Maji. Maji. Maji. Sijui." Kinyozi ndiye aliyezama, hadi kwenye ekseli, akaanguka upande kama gunia.

Breki alisimama kwa kusikia tu. "Nani huyo?"

"Kinyozi."

"Lina kina?"

"Anakwambia mwenyewe."

Tulijibanza kwenye chumba cha kupimia mazao, kilichoachwa wazi, chenye harufu ya magunia mabichi. Kinyozi alikuwa akitetemeka. Shemeji alitoa mkobani fulana yake ya pili, ile kavu, akamtupia bila kumtazama. Nguo ya juu ya Shemeji ilikuwa inachuruzika. Juu ya mdomo wake kumeanza kuota vinyweleo vya mvi. Sijawahi kumpenda sana shemeji yangu. Niliyaona hayo yote nikayaandika.

16 Septemba
Mji wa binti uko mbele yetu, kesho asubuhi tunaingia. Tumekodi chumba kimoja, vitanda viwili, dirisha linalofungwa kwa kipande cha kanga. Breki amechana nywele kwa kupapasa. Mkono umepungua uvimbe. Anataka kuingia akiwa wa mbele, na sisi tumwongoze tukiwa nyuma yake, kwa sauti ya chini. Tumefanya majaribio kwenye uwanja wa shule. Amegonga goli mara moja tu.

Halafu akanigeukia, akalitazama bega langu.

"Mwandishi. Akikuuliza?"

"Nitamwambia."

"Hata uongo mdogo?"

"Nimejaribu kuishi bila huo muda mrefu. Sijui kama nitaweza kuanza leo."

"Basi usikae karibu naye."

Kinyozi akasema tunaweza kunifunga kwenye keria. Tulicheka, kila mtu amechoka mno kucheka sawasawa. Lakini Breki aliendelea kunielekea, na safari hii najua alikuwa akinitazama.

17 Septemba
Mizani iko mwanzoni mwa mji. Malori yalikuwa kwenye foleni ndefu, injini zinanguruma, moshi umetanda, na kibanda chenye dirisha la kioo kimesimama kando ya bamba kubwa la chuma. Breki alikuwa mbele. Shemeji alimfuata karibu sana, anamnong'oneza mgongoni kama anayesali: kulia kidogo, nyoosha, lori limesimama, nyoosha, nyoosha, chuma hicho, panda.

Binti alikuwa dirishani, sare imepigwa pasi, kalamu sikioni. Alimwona tangu mbali. Hakutoka. Breki alipanda bamba la mizani, akashusha mguu mmoja, akasimama na baiskeli yake wima. Madereva wa malori walikuwa wanachungulia.

Binti alitazama namba zake. "Umepungua, baba," alisema kwa kipaza sauti.

"Barabara imenila," Breki alijibu, akielekeza uso kwenye sauti. "Nipishe nishuke, wenye kazi wanasubiri."

Kwa hilo nampa sifa. Lilikuwa jibu zuri.

Nyumba ya binti iko nyuma ya mizani: vyumba viwili, jiko la gesi, watoto wako shule. Breki alipelekwa kuoga. Kinyozi na Shemeji wakajifanya wana pancha. Nilikuwa nimekaa mbali kadiri ukumbi ule ulivyoruhusu, yaani hatua chache. Binti aliniletea chai, akasimama mbele yangu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ni mtu wa magazeti. Niambie. Anaona?"

Bafuni maji yalikuwa yameacha kumwagika.

"Anaona kingo," nilisema. "Katikati haoni. Daktari amesema macho hayaponi. Alianguka kwenye kalvati, ndiko alikoumia ule mkono. Sehemu iliyobaki amekuja akiongozwa kwa sauti. Hakupakiwa hata hatua moja. Pedali amekanyaga mwenyewe."

Alisikiliza hadi mwisho. Hakuonekana kushangaa.

"Siku ya msiba wa mama," alisema, "aliliambia pole koti langu lililotundikwa mlangoni. Akalinyooshea na mkono. Nilijua tangu siku ile. Ndiyo maana nilimwambia aje kwa baiskeli. Nilijua hawezi, atakataa, na mimi nitakuja kumchukua bila ugomvi." Akatazama nje, walipokuwa wale wawili wameinama juu ya gurudumu zima. "Sikuhesabu kwamba ana nyinyi."

Breki alitoka bafuni, taulo shingoni, mkono mmoja ukutani. Alikuwa amesikia yote. Alisimama akisubiri, kama lori lililokwisha kupanda juu ya bamba.

"Baba," binti alisema, "mimi kazini namba ikishatoka siibadilishi, hata dereva awe nani. Nilisema ukifika sitalitaja tena. Umefika."

Breki akatafuta kiti kwa mguu, akaketi.

"Lakini nina swali, na si lako," aliendelea. Akawaita wale wawili ndani. "Barabarani mlikuwa mnamwambia. Nyumbani nani atamwambia? Jiko limewaka au halijawaka, nani? Mtu mlangoni ni mwizi au ni jirani, nani?"

Kinyozi alinitazama mimi. Mimi nilitazama chai.

"Mimi," Shemeji alisema.

"Kila siku, baba mdogo?"

"Friji zinaharibika kila siku na nazifuata."

"Baba yangu si friji."

"Friji hushukuru," Shemeji alisema. "Huyu nitamzoea."

Binti alimtazama kwa muda, jinsi nadhani anavyotazama lori linalodai halijazidisha uzito. Kisha akaenda kukata mkate.

18 Septemba
Basi. Baiskeli ziko juu ya bodi. Breki kapewa kiti cha dirishani, ambacho hakimfai kitu, na hakukataa. Amelala. Sote tumelala. Nimeamka kuandika hivi.

22 Septemba
Mvua. Mhariri anauliza kama kuna makala katika safari ile. Nimemwambia hakuna.

25 Septemba
Asubuhi nilipita kwa Breki kabla ya kazi. Uani kulikuwa na utelezi. Vitu vyote vimepangwa mstari mmoja ukutani, na mstari sasa umeongezewa viatu vya Shemeji. Nilimkuta Shemeji akimwaga majivu, masharubu yameanza kuchukua sura. Ndani Breki alikuwa akipiga mluzi, akija mlangoni.

Nilitaka kumsalimu. Nikaona ndoo imeachwa kizingitini.

"Ndoo kushoto," nilisema.

"Ndoo kushoto," Shemeji akarudia.

Breki akaizunguka, akatoka nje.